Kopo Juu ya Cherehani

Nyoka alikuwa ametimiza wiki saba tangu atoke kwenye yai, na katika wiki zote hizo hakutia kitu kinywani ila maji. Mke wa fundi alikuwa na siku tisa bila kula. Lakini siku tisa za mtu si wiki saba za nyoka. Nyoka anajua kufunga, mtu anafungishwa.

Fundi mwenyewe alikuwa anakula, na hilo ndilo lililomtia haya. Alikula amesimama, jikoni, ameupa mgongo mlango, upesi upesi kama mtu aliyefunua sufuria ya jirani. Akimaliza alijifuta mdomo, akatundika futi shingoni, akarudi kwenye cherehani. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare zilikuwa zimemfika kooni: sketi za bluu, kaptula za kijivu, mashati meupe yasiyotiwa kola bado, yote yametundikwa kwenye kamba ukutani kama darasa la watoto wasio na vichwa. Aliikanyaga mashine tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Watu wa mtaa walisema, maskini, anajisahaulisha. Wengine wakasema, huyu hana moyo, mke yuko kitandani yeye anashona kaptula. Wote walikuwa na ukweli kidogo.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, cha mbele cha kazi, cha nyuma cha kulala, na katikati pazia la kitambaa kilichobaki kwenye kazi fulani ya zamani. Ukikaa kwenye cherehani, mgonjwa aliye nyuma ya pazia humwoni. Ila ukiacha kukanyaga, unamsikia.

Mkewe hakuwahi kuwa mwalimu, lakini fundi alimwita Mwalimu tangu walipooana, na mtaa ulimwita Mama Maabara. Kazi yake kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa kutunza maabara ya shule: kuosha vioo, kufungia sumu kabatini, na kubadilisha dawa kwenye chupa zenye wanyama wa kufundishia. Katika chupa hizo mlikuwa na nyoka kumi na mmoja. Aliwajua mmoja mmoja kama mtu anavyowajua wapangaji wake. Mtoto hawakujaliwa, na waliokosa la kusema walisema hilo.

Wiki aliyostaafu, shule ilibomoa stoo ya nyuma, na vibarua wakakuta mayai matano ya nyoka chini ya rundo la madaftari yaliyooza. Mmoja alikwisha kuinua beleshi. Mama Maabara akampiga mkono kwa mkoba wake, akayaokota mayai, akayaleta nyumbani ndani ya kopo la biskuti lenye mchanga mbichi, akaliweka chini ya kitanda. Manne yalioza. La tano lilipopasuka, kilichotoka kilikuwa kama kamba ya kiatu, rangi ya chai ya maziwa, na mistari miwili myeupe pembeni mwa macho.

"Hana sumu," alimwambia mumewe, ambaye wakati huo alikuwa amepanda juu ya kiti. "Huyu ni nyoka wa majumbani, kazi yake ni panya. Shuka, Fundi, unatia aibu. Ana urefu wa penseli na wewe una urefu wa mlango."

"Mlango ukigongwa haufi, Mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa. Siku hizo kikohozi bado walikiita kikohozi. Haukupita mwezi daktari akakipa jina kile kilichokuwa kooni mwake, akaliandika kwenye karatasi, kisha akawaambia, kwa sauti ya mtu anayefunga duka, kwamba warudi nyumbani. Anachotaka mpeni, alisema. Asichotaka mwacheni, msimlazimishe.

Mdogo wa kike wa Mama Maabara akaja kumwuguza. Alikuja na sanduku moja, sufuria mbili zake mwenyewe, na msimamo.

"Ama mimi ama huyo mdudu," alisema mlangoni mwa chumba. "Dada, mwana wa nyoka ni nyoka. Mimi simwoshi mtu huku naangaliwa."

Kopo likahamishiwa chumba cha mbele. Nyoka alikuwa ndiyo kwanza amejivua gamba lake la kwanza, na Mama Maabara alijua kwamba baada ya gamba la kwanza ndipo nyoka mchanga huanza kutafuta riziki. "Mweke penye joto," aliagiza. Fundi akamweka penye joto. Kisha zikapita wiki moja, mbili, tano, na nyoka hakutafuta kitu.

Siku ile ya tisa fundi alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji mwepesi, akamwomba mkewe kijiko kimoja tu, kimoja, kama anavyobembelezwa mtoto. Mkewe aliufumba mdomo. Mlangoni shemeji alikuwa anasonya. "Shemeji, unamwuliza nini? Mgonjwa haulizwi uji. Mpe tu."

"Yule amekula?" mgonjwa aliuliza.

"Nani?"

"Unajua namsema nani."

"Bado."

"Basi akila yeye, nami nitakula."

Fundi alidhani ni mzaha. Alimtazama machoni, akaona si mzaha.

"Miaka thelathini na mmoja nimewaosha nyoka waliokufa," alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno matatu. "Sijamwona hata mmoja akishiba. Huyu nimemtoa kwenye beleshi mwenyewe. Nataka kumwona ana tumbo. Siku hiyo lete bakuli lako, sitakataa."

Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hakuna la kufanya, akipewa la kufanya, hata liwe la kijinga namna gani, hulikamata kwa mikono miwili. Fundi aliweka bakuli chini, akavaa viatu, akatoka kwenda kutafuta panya.

Alikwenda ghala la nafaka pale kona. Mwenye ghala, mama mnene aliyevaa aproni iliyoshonwa na fundi huyuhuyu, alimsikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Fundi, wenzio wanaomba sumu ya panya, wewe unaomba watoto wao. Unawashonea sare?"

"Nipe wachache tu, Mama Ghala. Wale wekundu, wasiofumbua macho."

"Kwa hiyo maneno ya mtaani ni kweli. Mna nyoka."

"Tuna mgonjwa."

Mama Ghala alikuwa na mdomo, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Aliinua gunia la chini kabisa, akachota kiota kizima kwa kata ya kupimia mahindi, akakitia kwenye mfuko wa karatasi. "Wakiisha njoo tena, huku hawaishi. Mwambie Mama Maabara namsalimia. Na huyo nyoka wake akikua mlete, nitampa kazi."

Kitoto cha kwanza fundi alikitia hai ndani ya kopo, akaendelea kushona kando yake. Kila alipomaliza mshono mmoja alifunua mfuniko kuchungulia. Mpaka jioni kitoto kilikuwa kimekufa chenyewe na nyoka amejikunja upande wa pili, ameficha kichwa chini ya mwili wake kama mtoto aliyejifunika shuka. Siku ya pili alifuata maagizo kutoka nyuma ya pazia: amwue panya kwanza, amchovye maji ya moto, amning'inize kwa kibano kirefu cha maabara, amchezeshe kidogo. Alimchezesha mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku ya tatu alifanya la kwake. Alikuwa na vidole vilivyotunga uzi kwenye tundu la sindano kwa miaka arobaini, na aliviamini kuliko alivyomwamini daktari. Alimshika nyoka nyuma ya kichwa, akapanua kile kinywa kidogo kwa ncha ya kijiti, akasukuma kitoto cha panya ndani, taratibu, kama mtu anayepitisha mpira kwenye pindo la kaptula. Nyoka alimeza kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Fundi alifunika kopo, akashona kaptula sita kwa mfululizo, na mtaa mzima ulisikia cherehani ikiimba. Alipofunua, panya alikuwa nje, ameloa, na nyoka amelala kinywa wazi nusu.

Alikwenda kumwambia mkewe. Alizoea kumwambia kila kitu.

"Usimlazimishe," alisema mkewe, macho yamefumba. "Ukimlazimisha anatapika, na anachotapika ni zaidi ya ulichompa. Mara mbili hivyo utamwua."

Shemeji alikuwa amesimama pale na bakuli na kijiko. Aliusikiliza ule usemi mpaka mwisho, kisha akalirudisha bakuli jikoni bila kuambiwa.

Ikabaki hila moja. Nyoka wa aina ile, mgonjwa alieleza, akiwa mchanga huko nje huanza na mijusi, panya huja baadaye. Basi panya apakwe harufu ya mjusi. Fundi alimnasa mjusi kafiri nyuma ya kalenda kwa kipande cha kitambaa. Mkia ukakatika, ukaanguka sakafuni ukirukaruka peke yake, na shemeji akapiga ukelele uliowatoa majirani.

"Nyumba gani hii! Jana nyoka, leo mjusi. Kesho mtaniletea chura niunge nazi!"

Lakini hila ilikaribia kufanya kazi. Fundi alimsugua panya kwa mjusi, akamwachia mjusi aende zake na aibu yake, akamweka panya ndani ya kopo. Nyoka alitoa ulimi. Akautoa tena. Akajikunjua, akasogea, akaweka pua yake kwenye ule mwili mdogo mwekundu, akatulia pale. Fundi aliona kwa macho yake mawili. Akarudisha mfuniko kwa vidole viwili, na ili asimsumbue akaketi upesi kwenye mashine yake, akaanza kukanyaga.

Alipochungulia baadaye nyoka alikuwa pembeni, kichwa chini ya mwili.

Siku ya kumi na tatu Mama Maabara alikuwa analoweshwa midomo kwa pamba. Mfupa wa shavu ulikuwa umetokeza, na pete yake waliivua na kuitundika kwenye msumari kwa kuwa ilikuwa inaanguka. Fundi aliitazama ile pete kwenye msumari. Akatoka, akafunua kopo, akamchukua panya asiyeguswa, akamtupia paka nyuma ya jiko. Halafu akapita kwenye pazia.

"Amekula."

Macho yalifunguka. "Kweli?"

"Kweli. Kammaliza."

"Alianzia wapi? Kichwani au mkiani?"

Fundi hakutegemea mtihani. "Kichwani."

Mkewe alitabasamu. Midomo ilipasuka kidogo kwa lile tabasamu. "Ndiyo. Huanzia kichwani, ili miguu ilale. Lete bakuli lako."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ilikuwa ndefu ya kutosha kufika jikoni na kurudi na bakuli. Mgonjwa alikula vijiko vitano. Kila kimoja alikipokea ameshika shuka kwa mikono yote miwili, na kila kimoja kilichukua muda mrefu kushuka, na fundi alikiona kikishuka, akawa anameza naye mate. Baada ya cha tano aliinua kidole: basi. Jikoni shemeji alikuwa analia kwa furaha. "Si nilisema! Si nilisema mimi! Mgonjwa haulizwi uji!"

Fundi alirudi kwenye cherehani akipiga mluzi.

Kabla jua halijapinduka vizuri, uji ulirudi. Ukarudi na vitu visivyokuwa uji. Shemeji alishika beseni kwa mkono mmoja na kichwa cha dada yake kwa mkono wa pili, na alipoita, "Shemeji! Njoo umshike, shemeji!" fundi alisimama, akaenda hadi kwenye pazia, akaona rangi iliyokuwa ndani ya beseni. Alirudi. Akaketi. Akaweka kitambaa chini ya sindano, kitambaa gani hakujua, akakanyaga, akakanyaga kwa nguvu, mpaka asisikie kitu ila chuma.

Kesho yake asubuhi mgonjwa alimwita. Sauti ilikuwa imebaki kama karatasi inayokunjuliwa.

"Niletee nimshike."

Shemeji alijiondokea, akasimama uani. Fundi alileta kopo, akamweka nyoka kwenye kiganja cha mkewe. Kiganja na nyoka havikupishana sana uzito. Mama Maabara alipitisha kidole chini ya tumbo la nyoka kuanzia shingoni, taratibu, mpaka mkiani, kama fundi anavyopima mshono kwa kucha. Fundi alikuwa anatazama ukuta.

"Mtupu," alisema. "Huyu ni mtupu kama soksi."

"Alitapika."

"Hakutapika."

"Hakutapika," fundi alikubali.

Alingoja atukanwe. Kama angetukanwa pengine ingekuwa nafuu. Mkewe alimwangalia nyoka akijisokota kwenye vidole vyake, akasema tu, "Kwa hiyo jana nilikula bure."

Fundi alilivuta kopo karibu, tayari kumpokea nyoka.

"Mbavu zinahesabika," alisema mkewe. Alikuwa amesharudi kazini, akimgeuzageuza. "Umepaka mjusi?"

"Nimepaka. Alimnusa kabisa, Mwalimu, nakuapia, alimwekea pua. Halafu akaacha."

"Akaacha ulipofanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilimfunika, nikaenda zangu kushona."

"Kopo umeliweka wapi?"

"Penye joto, kama ulivyosema. Kwenye kibao cha pasi."

"Kibao kipi?"

"Kile changu. Nilichokipigilia ubavuni mwa cherehani."

Mama Maabara alimtazama mumewe. Mabega yakaanza kumtikisika. Fundi aliogopa, akafikiri yanaanza tena ya jana, kumbe ilikuwa kicheko, kicheko kisicho na sauti, kilichomtoa machozi ya maumivu.

"Ewe mwanamume," alisema kilipomwachia. "Nyoka hana masikio ya kusikia kelele zako. Anasikia kwa taya, kwa tumbo, kwa chochote kinachogusa chini. Wiki tano umemlaza juu ya tetemeko la ardhi, halafu unamshangaa hana hamu ya kula."

"Mimi nilitaka apate joto la pasi."

"Najua."

"Fundi yeyote angeweka pale."

"Fundi yeyote, ndiyo. Mtu mwingine, hapana." Alimrudishia nyoka. "Zima mashine. Mweke chini ya kitanda hiki, alikotoka. Leo na kesho usimguse. Kesho jioni mtilie panya, mpake mjusi, funga. Usichungulie mpaka keshokutwa saa nne. Na usikanyage."

"Siku tatu! Mwalimu, shule zinafunguliwa Jumatatu. Kuna watoto arobaini hapo kwenye kamba."

"Wataenda na nguo za zamani. Wewe kaa hapa."

"Nikae nifanye nini?"

"Hakuna. Kaa."

Basi akaondoa mkanda kwenye gurudumu la cherehani ili asije akajisahau, akausokota, akautia mfukoni. Akachukua kiti chake cha kazi, akakiweka upande wa kichwa cha kitanda. Shemeji aliporudi na kuambiwa kopo limehamia wapi, alitazama chini ya kitanda, akamtazama dada yake, akaangalia sufuria zake. Kisha akavuta kigoda, akaweka miguu yote juu, na siku tatu zile aliuguza hivyo, akishuka kama mtu anayevuka mto.

Nyumba haikuwahi kuwa kimya kiasi kile. Fundi hakujua mikono yake iwekwe wapi. Aliilaza magotini kama vitu vya kukopa. Wateja walipiga hodi, na shemeji aliwatoa kwa ukali uliomstahili: "Fundi anauguza! Hamna wagonjwa kwenu?" Wakiondoka, kilichobaki ni pumzi. Pumzi iliingia kwa kukwaruza, ikasimama, ikatoka kwa kukwaruza. Fundi alitambua kwamba hii pumzi imekuwepo humu wiki zote hizi, mita tatu kutoka mgongoni mwake.

"Miguu," alisema mkewe.

Aliangalia chini. Miguu yake ilikuwa inakanyaga sakafu, wa kulia, wa kushoto, yenyewe. Akaituliza.

Siku ya pili, alasiri, mkewe aliamka akiwa na akili timamu na akasema, bila kumgeukia, "Nilikuwa nakusikia."

"Ukinisikia nini?"

"Mashine. Nikikohoa, ulikuwa unaongeza mwendo. Nikijizuia, ulikuwa unapunguza. Mwisho nikawa nakohoa ndani ya mto, upumzike miguu."

Fundi alishika mkono wake, akaona ni mkavu na mwepesi. Akaushikilia mpaka jua lilipotoka dirishani. Jioni alimkamata mjusi mwingine, safari hii na mkia wake, akafanya kama alivyoagizwa, akafunga kopo, akalisukuma chini ya kitanda bila kelele.

"Saa nne," alisema mkewe.

"Saa nne."

Hilo ndilo neno la mwisho la mkewe lenye maana. Alfajiri alipoitwa hakuitika. Pumzi zilikuwa zimeachana, moja hapa, moja kule, na katikati fundi alikuwa anasimama nusu kutoka kitini kila mara. Saa moja shemeji alilia. Saa mbili alimwambia, "Shemeji, fungua hilo kopo umwonyeshe, unangoja nini? Huoni anakwenda?" Fundi alitikisa kichwa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuchungulia. Huufunua mfuniko kabla maji hayajachemka. Asubuhi ile alikaa ameshika magoti, macho kwenye saa ya ukutani. Saa tatu ikapita. Mkono wa mkewe ulianza kupoa kwenye vidole.

Saa nne ilipogonga alipiga magoti, akavuta kopo, akafunua.

Panya hakuwepo. Nyoka alikuwa amelala amenyooka nusu, na katikati ya ule mwili wa kamba ya kiatu palikuwa na uvimbe, mkubwa kuliko kichwa chake, ngozi imevutika mpaka magamba yakaachana.

"Mwalimu," alisema fundi. "Amekula."

Hakuna kilichobadilika usoni mwa mkewe.

"Amekula, Mwalimu. Safari hii kweli." Alisikia jinsi lilivyotoka. Ni neno lilelile, kwa sauti ileile, mdomo uleule. Alitaka kuongeza kwamba alianzia kichwani, akakumbuka kwamba hakuona. Alimchota nyoka kwa viganja viwili, kwa uangalifu, asimtikise, akakichukua kidole cha mkewe, kilekile cha kupimia, akakilaza juu ya uvimbe.

Kidole kilicheza. Au nyoka alicheza chini ya kidole. Fundi alikuwa ameviangalia vyote viwili bila kupepesa, na hakujua ni kipi.

"Umeona?" alimwuliza shemeji.

"Nini?"

"Kidole."

Shemeji alifuta macho kwa mkono wa gauni. "Nimeona nyoka, shemeji," alisema kwa upole.

Fundi alimrudisha nyoka kwenye kopo, akafunga, akalisukuma mahali pake. Bakuli hakulileta. Mama Maabara alikwisha kabla ya mchana, katika mojawapo ya zile nafasi za katikati, na wao wawili wakaendelea kungoja pumzi iliyofuata kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alizikwa kesho yake. Watu walikuja wengi kuliko fundi alivyotegemea. Walimu, wanafunzi wa zamani wenye mvi, Mama Ghala akiwa na gunia zima la mahindi kichwani mwa kibarua. Waombolezaji walikaa chumba cha mbele, chini ya sare zisizokwisha. Waliambiwa wasivute viti. Walidhani ni kwa heshima ya marehemu.

Asubuhi iliyofuata shemeji alipofunga sanduku lake, aliinama, mwenyewe, bila kuombwa, akavuta kopo la chini ya kitanda na kuinua mfuniko kwa kidole kimoja.

"Kanenepa, mwanaharamu," alisema. Akafunika taratibu. Sufuria moja alimwachia fundi.

Jumatatu shule zilifunguliwa. Mama mmoja alikuja na binti yake aliyevaa sketi ya mwaka jana iliyomfika juu ya magoti. Alimkuta fundi amekaa kwenye kiti chake, kopo haliko kwenye kibao cha pasi, gurudumu la cherehani halina mkanda. Alikuwa na sketi ya bluu mapajani, anapinda upindo kwa mkono, hatua ndogondogo, sindano ikiingia na kutoka bila sauti.

"Pole sana, Fundi."

"Nimeshapoa."

"Mashine imeharibika?"

"Nzima kabisa."

Yule mama aliangalia kamba iliyojaa, akaangalia ile sindano moja. "Kwa mkono utamaliza lini? Watoto wote hawa?"

"Kuna mtu amekula humu ndani," alisema fundi, bila kuinua kichwa. "Akitikiswa atatapika. Nipe siku nne, tano."

Yule mama alidhani ni majonzi, akamshika binti yake bega wakaondoka. Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno, akatunga mwingine. Chini ya meza miguu yake ilikuwa imetulia sakafuni.